Oregon, Uholanzi, Kanada, Victoria au Uswisi: ukitetea haki ya kuchagua kifo, unatetea sheria ipi?

Watu wawili wanaweza kukaa meza moja, wote wakasema wanatetea haki ya mgonjwa kuchagua namna ya kufa, kumbe mmoja ana sheria ya Oregon, jimbo la Marekani, kichwani na mwenzake ana ya Uholanzi. Hapo hawajakubaliana kitu. Sheria ya kwanza inamruhusu mgonjwa aliyebakiza miezi 6 ameze dawa kwa mkono wake mwenyewe. Ya pili inamruhusu daktari akatishe uhai wa mtu ambaye pengine angeishi miaka 20 mingine, mradi mateso yake hayavumiliki na hayana matumaini ya kupungua.

Anayehitaji ulinganisho huu ni yule anayetakiwa kuamua: mpiga kura aliye Toronto, Melbourne au London, mwanafunzi wa sheria au uuguzi, mtu anayeombwa ajiunge na chama cha watetezi, na mhudumu wa wazee ughaibuni ambaye siku moja mgonjwa wake atamuuliza.

Kwanza tutenge visivyohusika, maana ndivyo vinavyovuruga mijadala mingi. Mgonjwa mwenye akili timamu akikataa upasuaji au mashine ya kupumulia, hiyo si kusaidiwa kufa. Ni kukataa matibabu, na nchi nyingi zinaliruhusu. Daktari akiongeza mofini kwa kiasi cha kutuliza maumivu, hiyo ni tiba shufaa, yaani ya kupunguza mateso. Kusaidiwa kufa ni pale dawa inapotolewa kwa lengo hasa la kukatisha uhai, kwa ombi la mgonjwa mwenyewe. Na sheria hizi zinahusu mgonjwa anayepimwa na madaktari kwa siku au wiki kadhaa. Hazimhusu mtu aliyekata tamaa usiku wa leo. Kama ni wewe, weka makala haya kando, mpigie ndugu au rafiki sasa hivi, au nenda hospitali iliyo karibu. Dhiki ya aina hiyo inatibika, na hupita.

Sasa zitazame kwa pamoja. Victoria, jimbo la Australia lenye mji wa Melbourne, imewekwa hapa kama sheria yake ilivyoanza kutumika 2019.

| | Oregon | Uholanzi | Kanada | Victoria | Uswisi |
|---|---|---|---|---|---|
| Ilianza kutumika | 1997 | 2002 | 2016. Ikapanuliwa 2021 | 2019 | kifungu cha 1942 |
| Nani anastahili | aliyebakiza miezi 6 au pungufu | mwenye mateso yasiyovumilika, yasiyo na matumaini | mwenye maradhi mazito yasiyoponyeka. Kifo si lazima kiwe karibu | miezi 6. Miezi 12 kwa maradhi ya neva | sheria haitaji ugonjwa |
| Mkono wa nani | mgonjwa | daktari, karibu kila mara | daktari au muuguzi bingwa | mgonjwa. Daktari iwapo mgonjwa hawezi | mgonjwa |
| Kusubiri | siku 15, zenye msamaha | hakuna idadi ya siku | hakuna kama kifo ki karibu. Kama sivyo, siku 90 | siku 9 | hakuna kisheria |
| Umri | 18 | 12 | 18 | 18 | awe na uwezo wa kuamua |
| Ukaguzi | ripoti baada ya tukio | kamati, baada ya tukio | ripoti baada ya tukio | kibali kabla, bodi baada | polisi, baada ya tukio |

Mistari yote hiyo ina uzito, lakini miwili ndiyo inayoamua mingine: nani anastahili, na mkono wa nani.

Mlango wa muda na mlango wa mateso

Oregon ilichagua muda. Wapiga kura waliipitisha sheria Novemba 1994 kwa asilimia 51 dhidi ya 49, ikazuiwa mahakamani, ikaanza kazi Oktoba 1997. Mwezi uliofuata wapinzani wakairudisha kwenye kura ili ifutwe, wakashindwa kwa asilimia 60. Sharti lake kuu ni kwamba madaktari wawili wakubaliane kuwa ugonjwa utamuua mgonjwa ndani ya miezi 6. Uzuri wa mlango huu ni kwamba unahesabika: hauulizi kama umeteseka vya kutosha, unauliza umebakiza muda gani.

Ubovu wake ni kwamba miezi 6 ni makadirio. Kwa saratani iliyosambaa, daktari mzoefu hukisia kwa karibu. Kwa moyo au mapafu yaliyochoka, mgonjwa huzama na kuibuka mara nyingi, na makadirio hayo huwa ya kubahatisha. Mwenye Parkinson au maradhi ya neva yanayolemaza misuli anaweza kukaa miaka kadhaa akiwa hajiwezi kabla hajaingia kwenye miezi 6 hiyo. Akiingia, huenda hawezi tena kumeza. Ndiyo maana Victoria ilipoandika sheria yake ya 2017 iliweka miezi 12 kwa maradhi ya neva. Ni marekebisho madogo, na kwa maoni yetu yana akili kuliko mengi yaliyoandikwa juu ya jambo hili.

Uholanzi ilichagua mateso. Njia yake haikuanzia bungeni. Ilianzia mahakamani Leeuwarden mwaka 1973, ambako daktari Truus Postma, aliyemkatishia mama yake uhai kwa ombi la mama huyo, alipewa kifungo cha wiki 1 ambacho hakutumikia. Chama cha watetezi, NVVE, kikaundwa mwaka huohuo. Karibu miaka 30 ya kesi na miongozo ya madaktari ikapita kabla sheria haijaanza tarehe 1 Aprili 2002. Sheria hiyo haiulizi utakufa lini. Inamtaka daktari aridhike kwamba ombi ni la hiari na limefikiriwa vyema, mateso hayavumiliki na hayana matumaini ya nafuu, mgonjwa ameelezwa hali yake, hakuna njia nyingine inayofaa ambayo wote wawili wanaikubali, daktari mwingine asiyefungamana naye amemwona mgonjwa na kuandika maoni yake, na kazi yenyewe imefanywa kwa uangalifu wa kitabibu.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na watetezi wa mlango wa mateso husimama hapo: ni nani nje ya mgonjwa anayeweza kusema haya yanavumilika? Hoja ina nguvu. Lakini fuata inakokwenda. Mateso yakiwa ndiyo kipimo, huna sababu ya kumfungia nje mgonjwa wa akili, na Uholanzi haikumfungia: mwaka 2024 waliokatishiwa uhai kwa sababu ya maradhi ya akili walikuwa 219, kutoka 138 mwaka uliotangulia. Huna pia sababu rahisi ya kumkatalia mzee asiye na ugonjwa mkubwa anayesema amechoka kuishi. NVVE inaunga mkono hatua hiyo waliyoipa jina la maisha yaliyokamilika, na chama cha siasa cha D66 kimekuwa kikiisukuma bungeni kwa walio na miaka 75 na zaidi. Anayechagua mlango wa mateso ajue kwamba mjadala hauishii kwa wagonjwa walio kwenye wiki za mwisho.

Kanada ni somo la nchi iliyoanza na mlango mmoja ikajikuta kwenye mwingine. Mwaka 1993 Sue Rodriguez, mgonjwa aliyeomba kusaidiwa kufa, alishindwa katika Mahakama ya Juu kwa kura 5 dhidi ya 4. Tarehe 6 Februari 2015, katika kesi ya Carter, mahakama hiyohiyo ikageuka. Bunge likapitisha sheria Juni 2016, likaweka sharti kwamba kifo cha kawaida cha mgonjwa kiwe kinatarajiwa kwa makadirio ya busara. Mwaka 2019 mahakama ya jimbo la Quebec ikaliona sharti hilo linakiuka katiba, na Machi 2021 bunge likafungua njia ya pili kwa wale ambao kifo chao hakiko karibu. Ugonjwa wa akili peke yake uliachwa nje kwa muda, na muda huo umesogezwa mara mbili, sasa hadi Machi 2027.

Njia hiyo ya pili ndiyo penye ugomvi mkali kuliko wote, na haifai kuipita haraka. Sheria inataka tathmini ichukue angalau siku 90, na mgonjwa aelezwe kuhusu njia za kumpunguzia mateso: ushauri nasaha, huduma kwa wenye ulemavu, huduma za jamii, tiba shufaa, na apewe nafasi ya kuonana na wataalamu wanaozitoa. Tazama kitenzi kilichotumika. Kuelezwa si kupewa. Mtu mwenye ulemavu anayeishi ghorofa ya tatu isiyo na lifti anaweza kuambiwa kwamba zipo nyumba zinazomfaa, foleni ikawa ya miaka, lakini siku 90 zikatimia. Mwaka 2023 waliopita njia hii walikuwa 622 kati ya watu 15,343 waliosaidiwa kufa Kanada nzima. Mtetezi atasema ni sehemu ndogo, na ni kweli. Mpinzani atasema kwamba hao 622 ndio ambao wangeweza kusubiri mazingira yabadilike, na hilo nalo ni kweli. Machi 2025 kamati ya Umoja wa Mataifa ya haki za watu wenye ulemavu iliitaka Kanada iifute njia hiyo.

Mkono wa nani

Hapa tofauti ni kubwa kuliko watu wanavyodhani, na takwimu ndizo zinazoionyesha. Oregon mwaka 2023 watu 560 waliandikiwa dawa. Waliokufa kwa kuzitumia ni 367. Kila mwaka takriban theluthi moja ya walioandikiwa huwa hawazitumii. Wengine hufa na ugonjwa wao kwanza. Wengine hukaa nazo kabatini kwa sababu kule kujua kwamba zipo kumewatuliza. Kanada mgonjwa anaruhusiwa kujimezea pia, lakini karibu wote huchagua mhudumu wa afya afanye. Siku hupangwa, saa hupangwa, jamaa huja, na mambo yakishafika hapo ni vigumu mtu kusema ngoja kidogo, hata kama sheria inampa haki ya kughairi mpaka dakika ya mwisho.

Linganisha idadi. Mwaka 2023 Kanada ilifikia asilimia 4.7 ya vifo vyote, Uholanzi asilimia 5.4 (watu 9,068). Oregon haijafika asilimia 1.5. Tofauti hiyo haitokani na maradhi. Inatokana na mlango pamoja na mkono. Anayesema sheria zote ni mteremko uleule wa kuelekea vifo vingi zaidi hajatazama Oregon. Anayesema hakuna mteremko popote hajatazama Kanada.

Upande wa pili wa mizani: mkono wa mgonjwa unawaacha nje wale wasioweza kuinua kikombe wala kumeza. Pia Oregon daktari halazimiki kuwepo, na mara nyingi hayupo, kwa hiyo ripoti za serikali kuhusu matatizo ya saa za mwisho zina mapengo mengi. Daktari akifanya mwenyewe, yupo, na kitu kikienda kombo anakishughulikia. Victoria ilijaribu kuchukua pande zote mbili: kawaida ni mgonjwa kujipa mwenyewe, na kibali cha pili, cha daktari kumpa, hutolewa iwapo mgonjwa hawezi kumeza au mwili hautapokea dawa.

Nani anakagua, na lini

Uholanzi hukagua baada ya mtu kufa. Daktari hatoi cheti cha kifo cha kawaida. Anamwita mchunguzi wa vifo wa manispaa, ambaye hupeleka jalada kwenye mojawapo ya kamati 5 za kanda. Kila kesi hutazamwa na mwanasheria, daktari na mtaalamu wa maadili. Makosa yanayopatikana ni machache mno. Mwaka 2023 kesi zilizoonekana kukiuka masharti zilikuwa 5. Ukiwa na imani na madaktari, utasema mfumo unafanya kazi. Usipokuwa nayo, utauliza ukaguzi huo unamsaidia nini aliyekwisha zikwa.

Victoria hukagua kabla. Mgonjwa anaomba mara 3, mara moja kwa maandishi, na kati ya ombi la kwanza na la mwisho zipite angalau siku 9. Madaktari 2 wanampima, mmoja wao awe na uzoefu na ugonjwa wenyewe. Kisha kibali kinaombwa wizarani. Dawa haitoki duka la kona: hutolewa na kitengo maalumu cha famasia katika hospitali ya Alfred, Melbourne, na wafamasia wake huipeleka hadi kwa mgonjwa, hata mashambani, ikawekwa kwenye sanduku lenye kufuli. Mgonjwa anateua mtu mmoja wa kuwajibika, na mgonjwa akifa dawa haijatumika, mtu huyo ana siku 15 za kuirudisha. Oregon hakuna mtu wa namna hiyo. Ukitaka kujua sheria ipi imefikiria mtoto anayefungua kabati la bibi yake, ni ya Victoria.

Lakini Victoria ilifungwa na kamba mbili. Sheria ya 2017 ilimkataza daktari au muuguzi kulianzisha yeye suala hili. Ni lazima mgonjwa aulize kwanza. Nia ilikuwa kuzuia ushawishi. Matokeo ni kwamba mwenye elimu na Kiingereza kizuri aliuliza, na mhamiaji asiyejua kuwa sheria ipo hakuuliza. Kamba ya pili haikuwa ya Victoria: sheria ya jinai ya serikali kuu ya Australia inakataza kutumia simu au intaneti kueneza mambo ya kujiua, na Novemba 2023 Mahakama ya Shirikisho ikaamua kwamba katazo hilo linagusa pia mazungumzo ya daktari na mgonjwa wake kwa simu. Kwa hiyo mgonjwa mahututi wa kijijini, kilomita mamia kutoka mjini, anasafirishwa kwenda kwa daktari, au daktari anamfuata.

Kuhusu siku za kusubiri hatutakaa sana. Siku 15 za Oregon, wengi walikufa wakiwa bado wanazihesabu. Tangu 2020 anayetarajiwa kufa kabla hazijaisha anasamehewa. California ilizipunguza zake kuwa saa 48 kuanzia 2022. Kanada iliziondoa kabisa kwa walio karibu na kifo.

Mgonjwa wa kusahau

Hili ndilo swali ambalo familia huuliza zaidi, na ndilo ambalo sheria nyingi hulijibu kwa hapana. Mwenye ugonjwa wa kusahau akiwa bado na akili timamu huwa hajabakiza miezi 6. Akifika miezi 6 hana tena akili ya kuomba. Oregon na Victoria hazimpi nafasi.

Uholanzi inampa, kwa maandishi ya mapema, kuanzia umri wa miaka 16. Kesi ya 2016 inaonyesha ugumu wake. Mama mwenye ugonjwa wa kusahau alikuwa ameandika anataka kufa atakapofikia hatua ya kupelekwa kwenye makao ya wazee, ila aliongeza maneno ya aina ya pale nitakapoona wakati umefika. Alipofikishwa huko hakuweza tena kusema kama wakati umefika. Daktari alimtilia dawa ya usingizi kwenye kahawa, na mama alipoamka katikati ya shughuli, jamaa walimshika. Daktari alishtakiwa, akaachiwa huru 2019, na Aprili 2020 Mahakama ya Juu ikasema maandishi ya mapema yanatosha kisheria. Somo la vitendo ni la uandishi: sentensi mbili zinazopishana ndani ya karatasi moja zilileta miaka 4 ya kesi. Anayeandika maandishi ya namna hiyo ataje dalili zinazoonekana na mtu mwingine (siwatambui wanangu, siwezi kujisafisha), asitaje hisia ambazo yeye mwenyewe hatakuwa nazo, na ayapitie upya pamoja na daktari wake mara kwa mara.

Kanada ilifungua mlango mdogo kwa sababu ya Audrey Parker wa Halifax. Saratani yake ilikuwa imefika kwenye ubongo, alikwisha kubaliwa, lakini sheria ilidai athibitishe ombi lake dakika za mwisho. Akihofia kupoteza akili kabla ya Krismasi aliyotaka kuila na watu wake, alikufa tarehe 1 Novemba 2018, mapema kuliko alivyopenda. Tangu 2021 aliye karibu na kifo na aliyekwisha kubaliwa anaweza kutia saini makubaliano ya tarehe, yakabaki halali hata akipoteza akili. Quebec ilikwenda mbali zaidi, na tangu Oktoba 2024 inapokea maombi ya mapema.

Uswisi

Hapa hakuna sheria ya kusaidiwa kufa. Kuna kifungu cha 115 cha kanuni ya adhabu, kinachomwadhibu anayemsaidia mtu kujiua kwa nia ya kujinufaisha. Asiyejinufaisha hakutajwa, na ndani ya ukimya huo ndimo vyama vilimoota: Exit mwaka 1982 kwa wakazi wa Uswisi, na Dignitas mwaka 1998, iliyoanzishwa na mwanasheria Ludwig Minelli, inayopokea wageni pia. Daktari huandika dawa, wafanyakazi wa chama hukaa na mgonjwa, na baada ya kila kifo polisi huja kuchunguza. Mei 2011 wapiga kura wa Zürich waliulizwa kama wapige marufuku jambo hili, na kama wawafungie wageni nje. Walikataa yote mawili kwa wingi mkubwa.

Uswisi si kielelezo unachoweza kukinakili. Ni desturi ya mahali. Na kwa wageni ni njia ya wenye nacho, wenye nguvu za kusafiri na hati zote mkononi. Jambo linalosahauliwa ni sheria ya kule unakotoka. England na Wales, anayemsaidia mtu kujiua anaweza kufungwa hadi miaka 14, hata kama tendo lenyewe litafanyika ng'ambo. Debbie Purdy, mgonjwa wa huko, alishinda kesi yake mwaka 2009 ili waendesha mashtaka waeleze kinagaubaga ni lini watashtaki. Mwongozo ulitoka 2010. Mwongozo unapunguza uwezekano wa mashtaka. Haumpi mtu kinga.

Vyama vya watetezi: soma sharti, si jina

Majina yote yana heshima, chaguo na huruma. Hayakuambii kitu. Tafuta sentensi inayosema mgonjwa gani anastahili. Uingereza ni mfano mzuri. Dignity in Dying, ambayo mizizi yake ni ya 1935, inapigania walio karibu kufa tu. My Death, My Decision inataka pia wenye maradhi yasiyotibika hata kama wangeishi miaka. Muswada wa mbunge Kim Leadbeater, uliopita katika Baraza la Makabwela Juni 2025 kwa kura 314 dhidi ya 291, ni wa kundi la kwanza: miezi 6, madaktari 2, jopo la watu 3, na mkono wa mgonjwa.

Marekani, Compassion & Choices ndiyo warithi wa Hemlock Society iliyoanzishwa na Derek Humphry mwaka 1980, na kwa miaka mingi iliongozwa na Barbara Coombs Lee, muuguzi aliyekuwa miongoni mwa walioipeleka sheria ya Oregon kwenye kura. Chama hiki kimejifunga kwenye mlango wa muda. Kilifanya kazi na mgonjwa Brittany Maynard, aliyehama California kwenda Oregon na kufa Novemba 2014 akiwa na miaka 29. Mwaka mmoja baadaye California ilikuwa na sheria yake. Dying With Dignity Canada, kwa upande wake, iliunga mkono upanuzi wa 2021.

Wasikilize pia wanaopinga, hasa Not Dead Yet, kundi la watu wenye ulemavu lililoanzishwa Marekani 1996. Hoja yao haitokani na dini. Wanaonyesha ripoti za Oregon zenyewe: sababu zinazotajwa zaidi mwaka hadi mwaka ni kupoteza uhuru wa kujiamulia, kushindwa kufanya mambo yanayofurahisha maisha, na kupoteza heshima, maumivu yako chini sana kwenye orodha. Ndipo wanapouliza: kuoshwa na mtu mwingine ndiko kupoteza heshima? Sisi tunaoshwa kila siku. Mtetezi asiyeweza kulijibu swali hilo bado hajaielewa sheria anayoitetea.

Kwetu

Kanuni ya Adhabu ya Kenya (kifungu cha 225) na ya Tanzania (cha 216) zinamwadhibu anayemsaidia mtu kujiua. Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba kifungu cha 226, kilichomwadhibu aliyejaribu kujiua, kinakwenda kinyume cha katiba. Cha kusaidia hakikuguswa, na usichanganye mambo hayo mawili. Afrika Kusini ilikaribia zaidi. Mwaka 2015 Robin Stransham-Ford, wakili mwenye saratani ya tezi dume, aliiomba mahakama ya Pretoria imruhusu kusaidiwa kufa. Jaji alimkubalia tarehe 30 Aprili. Mwombaji alikuwa amefariki saa chache kabla. Desemba 2016 mahakama ya rufaa ikaitengua hukumu hiyo.

Afrika Mashariki imefanya jambo jingine ambalo watetezi wa Ulaya wangepaswa kulitazama. Uganda, kupitia kazi iliyoanzishwa na Anne Merriman wa Hospice Africa Uganda mwaka 1993, ilikubali mofini ya maji ya kunywa itengenezwe humo nchini kwa bei nafuu, na mwaka 2004 ikabadilisha kanuni ili wauguzi na matabibu waliosomea tiba shufaa waweze kuiandika. Mahali ambapo mgonjwa wa saratani hapati mofini, sheria ya kusaidiwa kufa haimpi chaguo kati ya vitu viwili. Inampa kimoja. Oregon, takriban watu 9 kati ya 10 wanaotumia sheria huwa tayari wako chini ya huduma ya hospisi (matunzo ya walio karibu kufa), na takwimu zake haziwezi kuhamishwa mahali pasipo na hospisi.

Basi uchague ipi

Ukihofia zaidi kwamba maskini au mlemavu atasukumwa, chagua mlango wa muda na mkono wa mgonjwa, yaani Oregon, kisha udai sanduku la kufuli na mtu wa kuwajibika kama Victoria. Ukihofia zaidi kwamba mwenye maradhi ya neva ataachwa nje, hiyohiyo yenye miezi 12 na ruhusa ya daktari kumsaidia asiyeweza kumeza. Hapo ndipo tungesimama sisi. Ukiamini kwamba mateso hayana uhusiano na kalenda, Uholanzi ni bora kuliko Kanada, kwa sababu moja ya vitendo: kule anayeshughulikia ombi mara nyingi ni daktari wa familia aliyemjua mgonjwa kwa miaka, si mtathmini aliyekutana naye juzi. Sheria hiyo ukiipeleka nchi isiyo na madaktari wa familia, umebeba karatasi tu.

Na wewe mhudumu wa nyumba ya wazee, angalia jambo moja: shahidi. Mgonjwa akikunyooshea fomu uitie saini, jibu linategemea ulipo. Oregon mashahidi ni 2. Angalau mmoja asiwe ndugu, wala mrithi, wala mfanyakazi wa mahali mgonjwa anapohudumiwa, na daktari anayemtibu haruhusiwi kabisa. Victoria ni 2 pia, lakini anayemhudumia mgonjwa moja kwa moja haruhusiwi hata kama mwenzake ni wa nje. Kanada tangu 2021 anatosha shahidi 1, na mhudumu anayelipwa kwa kazi hiyo anaweza kuwa yeye, ilimradi hajui wala kuamini kuwa atafaidika na kifo hicho. Kama mzee aliwahi kukuahidi kiti chake cha kubembea au chochote kwenye wosia, usitie saini. Mwite msimamizi wako wa zamu na umweleze kwa nini.